Mama Asiguse

Maandishi yalikuwa makubwa, ya kalamu nene, kwenye plasta nyeupe ya kidonda iliyobandikwa juu ya kifuniko cha bakuli: MAMA ASIGUSE. Katika nyumba ile mama ni mmoja tu, na ni mimi. Nilisimama mbele ya friza iliyo wazi, baridi ikinipiga usoni, nikayasoma mara tatu kwa jicho langu moja linaloona, na mara zote yalisema vilevile.

Nimekuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini na minane. Wateja waliniita Pindo, kwa sababu hakuna aliyepinda nguo kama mimi. Sasa jicho la kulia limefunikwa na mtoto wa jicho na la kushoto linafuata nyuma. Daktari alisema atanipasua, lakini kwanza sukari ishuke, na akanipa wiki sita. Isiposhuka, nafasi yangu anapewa mwingine na mimi nabaki kupapasa kuta.

Ndiyo maana nilihamia kwa mwanangu. Mwanangu ni dereva wa lori, siku ishirini kwa mwezi yuko njiani, kwa hiyo kusema kweli nilihamia kwa mkewe. Mkwe wangu anauza kwenye duka la dawa. Ni mtu wa maneno machache na hatua laini, na mimi mtu asiye na kishindo simwamini. Siku ya tatu tu aliniwekea mezani kibakuli cha mtindi na papai, bila chembe ya sukari, akasema, "Mama, hiki ni kizuri kwa hali yako." Hali yangu! Nikamwambia hicho ni chakula cha wagonjwa, ampe paka. Hatuna paka. Alikiondoa, na mimi nikarudi chumbani kwenye biskuti zangu.

Sasa mtu kama huyo anaficha kitu kwenye friza na kuandika jina langu juu yake. Machale yakanicheza.

Jumapili nilikaa kwenye kiti cha korido, mlango wa jikoni ukiwa wazi kidogo, nikajifanya nasinzia. Alikuwa ameuacha mtindi ujichuje kwenye kitambaa tangu asubuhi, na ulikuwa mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kudondoka. Akaponda ndizi mbili zilizoiva mpaka zina madoa meusi, akachanganya. Akatandika karatasi ndani ya bakuli bapa la plastiki, akamwaga mchanganyiko, akausawazisha kwa mgongo wa kijiko hadi kwenye kona. Juu yake akapanga vipande vya embe, akanyunyiza pasheni na karanga zilizopondwa. Hakuwasha jiko hata mara moja. Kisha akakumbuka alichosahau, akatoa mfukoni chupa ndogo ya kahawia isiyo na lebo, akadondosha matone kadhaa pembeni na kuyakoroga kwa uma. Nilihesabu sita. Akafunika kwa kifuniko chenye plasta, akaliingiza bakuli kwenye friza.

Matone yale yalininyima raha siku nzima. Mtu anayeshinda kwenye rafu za dawa hashindwi kupata kitu cha matone sita. Labda amechoka kuishi na mama mkwe. Labda anajilia vizuri mwenyewe huku mimi nikinywa chai kavu, na chupa ni manukato tu ya kunichanganya. Niliwaza yote mawili kwa pamoja na sikuona kwamba yanapingana.

Jumatatu, alipoondoka kwenda kazini, nilifungua bakuli. Sitasema nilikuwa shujaa. Biskuti zilikuwa zimeisha, na dukani siendi peke yangu kwa sababu ya ngazi.

Hapa lazima niseme siri ya kazi yetu. Fundi mjinga anakata kipande katikati ya kitambaa cha mteja, mteja anaona pengo. Fundi anayejua anakata ukanda mwembamba upande mzima, kutoka kona hadi kona, na kitambaa kinabaki na umbo lake. Nilichukua futi yangu ya kupimia, nikaisogeza karibu na jicho. Bamba lile la mtindi lilikuwa na urefu wa sentimita ishirini na nne. Nikakata ukanda wa sentimita tatu kwa kisu cha mkate, nikalisogeza lililobaki likae katikati, nikafunika.

Ukanda ule ulivunjika mdomoni kama barafu, kisha ukalainika, uchachu kwanza, ndizi baadaye, embe mwisho. Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni nikisubiri kufa. Sikufa. Saa kumi jioni nilikuwa nimeshiba bado, na nikamwona mkwe wangu akirudi, akafungua friza, akaifunga, akaniuliza kama nimeshinda salama.

Nikamwona hamnazo. Kesho yake nikakata tena, na keshokutwa. Alikuwa akitengeneza bamba jipya kila likikaribia kuisha, na mimi kwenye kila bamba nilipata kanda zangu nne. Wiki mbili zikapita hivyo. Furaha ya wizi ilinifanya nisahau hata maziwa matamu ya kopo niliyozoea kulamba.

Halafu nikaanza kuogopa, na sababu ni kwamba hakulalamika. Mteja asiyeuliza kitambaa chake kilichobaki kiko wapi ana jambo lake. Jioni moja nikamsikia bafuni akizungumza na mwanangu kwa simu, maji yakiwa yamefunguliwa. Nilitega sikio mlangoni.

"Hajui," alisema. "Na wewe usije ukamwambia, akijua ataacha." Akasikiliza upande wa pili. "Ndiyo, kila siku. Nampimia mwenyewe."

Nilirudi kitandani nikilirudia neno lile. Nampimia. Siku mbili sikugusa friza, nikanywa maji na kulamba midomo. Siku ya tatu mkono ulikwenda wenyewe, na nilikula huku nikimlaani.

Wiki ya nne tulikwenda kliniki. Muuguzi alinichoma kidole, akatazama kipimo, akanichoma kingine. "Imeshuka sana," akasema. "Ikikaa hapa wiki mbili zijazo, mama, tunakupasua." Kisha akamgeukia mkwe wangu. "Unampikia nini?"

"Simpikii chochote cha pekee," mkwe wangu akajibu, akitazama kalenda ya ukutani.

Kuna watu wangefurahi. Mimi nilitoka pale nimevimba kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimeelewa: ananitilia dawa. Ananifichia dawa ndani ya chakula kama mbwa, na mimi nilidhani naiba. Jicho langu lilikuwa linaokolewa bila mimi kuulizwa, na sikujua hata kwa kitu gani.

Siku iliyofuata alipokwenda kazini nilitoa bakuli nione ushahidi. Lilikuwa bakuli jingine, refu zaidi, na plasta ileile imehamishiwa juu yake. Kwa mazoea tu nikachukua futi. Thelathini na sita. Nikadhani nimesoma vibaya, nikapima tena kwa vidole. Kulikuwa na sentimita kumi na mbili za ziada: kanda nne, tatu tatu. Nikasogeza jicho mpaka pua ikagusa baridi. Upande wangu, ule ninaokata kila mara, haukuwa na karanga hata moja. Karanga zinaniumiza fizi. Jambo hilo sikuwahi kumwambia mtu; nilikuwa nikizitema tu kwenye pipa la taka.

Kwenye ushonaji tunaita akiba ya mshono, kitambaa kinachoachwa pembeni kwa makusudi kwa sababu unajua kitaliwa. Nilishika ukingo wa friza. Aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Jioni alikuta bakuli mezani na futi juu yake. Hakushtuka. Aliweka mkoba chini.

"Chupa ya kahawia ina nini?" nikamuuliza.

"Vanila, mama." Akaileta, akaifungua chini ya pua yangu. Ilikuwa vanila. "Mimi na wenzangu wa dukani tunanunua chupa kubwa, tunagawana."

"Na dawa?"

"Dawa zako ni zile unazomeza asubuhi. Humu ni mtindi na matunda. Ukila hivi hutamani biskuti, basi."

"Na haya maandishi?"

"Ningeandika MAMA ALE, ungekula?"

Nilikuwa natafuta pa kumshika. "Umenichezea kama mtoto," nikasema.

"Ndiyo." Hakuomba radhi, na hilo lilinichoma zaidi.

"Ungekaa na mimi, ukaniambia. Mimi ni mtu mzima."

"Mama yangu naye alikuwa mtu mzima," akasema. Sauti yake ilikuwa ileile ya kuuliza kama nimeshinda salama. "Nilimwekea mtindi kwenye kibakuli. Akasema ni chakula cha wagonjwa. Nikamheshimu, nikakiondoa. Nilikuwa nakiondoa kila siku, mama, na kukiosha. Mwezi wa nane wakamkata mguu. Wa kumi na mbili tukamzika." Akaikunja futi yangu taratibu, mkunjo juu ya mkunjo. "Wewe siwezi kukuheshimu hivyo."

Miaka sita ameolewa na mwanangu. Msibani nilikwenda, nilikula, nilisifia sauti za waimbaji, nikapanda gari kurudi kwenye cherehani yangu. Sikuwahi kuuliza marehemu aliugua nini, wala nani alikuwa akimuuguza. Nilikuwa na wiki nne nzima za kumchunguza binti huyu, nikahesabu hadi matone yake, na la kumuuliza sikuliona.

Nikavuta kiti cha pili.

"Kaa," nikamwambia. "Niambie habari za mama yako."

Akaiweka futi iliyokunjwa mezani, mbele yangu. Kisha akakaa, akaanza na jina la mama yake.