Kiwiko cha Léonce

Kiwiko cha kulia cha Léonce kilikuwa hakinyooki tangu Pasaka. Mtu mmoja tu alijua: dada yake Mireille, aliyemkanda kwa maji moto kila asubuhi kabla ya kufungua saluni yake mjini.

"Mwambie kocha," Mireille alisema. "Ama nitamwambia mimi."

"Ya Mireille, dada yangu, ukimwambia umeniua."

Hawa watu wa besiboli, jamani! Kocha mwenyewe, mzee Sugiura, alikuwa fundi wa injini za meli aliyeshuka bandarini Durban, akaoa, akabaki kule mtaa wa Bluff. Alikulia Japani ya enzi zile, ambako mrushaji wa timu ya shule aliuanza mchezo na kuumaliza peke yake, kesho akarudia, mkono uvimbe usivimbe, na watu wakamlilia kwa sifa. Basi na Léonce akarushishwa mipira mia mbili kwa siku. Kabla ya kuingia uwanjani, avue kofia, auinamie uwanja. Akikunja uso mzee humuuliza, "Inauma?" na jibu lilikuwa moja tu: "Hapana, Sensei," yaani mwalimu. Jikaze kisabuni! Miaka mitano ya kujikaza kisabuni, na Léonce alimpenda yule mzee kama baba.

Jumamosi akaja Bwana Ishizuka, mjumbe wa klabu moja ya Japani, kutafuta mrushaji. Mmoja tu. Léonce, aliyeuza kava za simu mlangoni pa saluni ya dada yake, hakuwa amewahi kuitwa popote na mtu yeyote. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala.

Alirusha. Eish, alirusha! Kufikia mpira wa kumi machozi yalimtoka, akayafuta begani kama jasho. Kwenye wa arobaini Ishizuka akanyanyua mkono, akamsogelea.

"Mkono unauma?" aliuliza kwa Kiingereza cha polepole.

Léonce alimtupia jicho mzee Sugiura. Mzee alikuwa amesimama wima, kofia mkononi. Kule kwenye benchi Mireille alijiziba mdomo, maana Léonce alikuwa amemwapisha asiseme.

"Hapana, bwana. Hauumi hata kidogo."

Ishizuka akakishika kile kiwiko, akajaribu kukinyoosha taratibu. Léonce akapiga yowe hadi walinzi wa getini wakageuka.

"Ungeniambia, ningekuchukua," Ishizuka alisema, na hakuwa na hasira, ndiyo maana iliuma zaidi. "Siku hizi tunahesabu kila mpira. Madaktari wapo, mkono kama huu unatibika. Lakini anayeficha maumivu simwezi. Ataharibikia mikononi mwangu na mimi sina habari."

Akamgeukia mzee, akamwambia maneno machache ya Kijapani. Kisha akaingia kwenye gari lake akaenda zake. Basi. Miaka mitano imekwisha hivyo hivyo, watu wanaangalia.

Mzee Sugiura alikuja hadi katikati ya uwanja. Akamwinamia Léonce, chini kabisa, zaidi ya alivyowahi kuuinamia uwanja.

"Mwanangu, nisamehe," alisema. "Inauma sana?"

Kwa mara ya kwanza alikuwa anauliza kweli. Léonce alimtazama yule mzee pale chini, na chuki ikamjaa.

"Hapana, Sensei," alisema, akaokota glavu yake kwa mkono wa kushoto, akaenda kumtafuta dada yake.