Gigahezi Nne

Mume wangu ana ugonjwa wa namba. Akinunua simu, namba. Akinunua feni, namba. Kompyuta ya studio yetu ya video aliichagua kwa sababu muuzaji alimwambia prosesa yake, yaani ubongo wake, inakimbia gigahezi nne, basi akaibandika stika nyekundu mbele, GIGAHEZI NNE, wateja waione. Laptopu yangu ina mbili na ushee. Akaiita Kobe.

Asubuhi ile mteja wetu, bibi harusi, aliingia akihema.

"Dada, naomba video yangu sasa hivi. Baba anapelekwa kupasuliwa. Harusini hakuweza kuja, na daktari hajatuahidi kitu. Nataka anione kwanza."

Kuhariri nilishamaliza, ilibaki kompyuta iitoe video nzima.

"Tuitolee kwa Kobe," nikasema. "Prosesa yake mpya, ina vichwa vinne vinavyogawana kazi."

"Mama watoto, nne na mbili, ipi kubwa?"

"Yako ni ya zamani! Hizo gigahezi ni kasi ya kukanyaga cherehani tu. Uliza kila ikikanyaga inashona kiasi gani!"

"Namba haidanganyi," akasema. Na kama vile hiyo haitoshi, akaingia kwenye mipangilio akaipandisha zaidi. "Sasa nne na nusu!"

Feni ikaanza kunguruma. Debe tupu haliachi kuvuma, nikamwambia, akajifanya hasikii. Bibi harusi alikaa kwenye stuli, simu sikioni, akimbembeleza kaka yake aliyekuwa kando ya kitanda cha baba yao. "Waambie wasubiri kidogo. Kidogo tu, jamani."

Mstari kwenye kioo ukafika nusu, ukapita nusu. Nikasikia harufu ya plastiki ya moto. Niligusa kasha, nikautoa mkono haraka.

"Inaungua!"

"Inafanya kazi!"

Kioo kikawa cheusi. Feni ikanyamaza.

"Imekwisha?" bibi harusi akauliza, taratibu kabisa.

Loo! Nilitaka kumrarua mume wangu kwa meno. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nikachomoa diski yenye picha zote, nikaichomeka kwa Kobe.

"Harusi nzima haitawahi," nikamwambia. "Unataka aone wapi?"

"Pale nilipomtaja."

Nikakata kipande hicho peke yake: amesimama na maikrofoni, nyuma yake kiti kitupu. Kobe akakitoa kabla sijameza mate. Nikakituma kwa kaka mtu. Bibi harusi akaweka simu yake mezani, spika wazi, na sote watatu tukaiinamia. Sauti za viatu. Mtu anasema, "Tumpeleke sasa."

"Ngojeni!" kaka mtu akasema.

Kisha tukaisikia sauti ya bibi harusi mwenyewe ikitoka kule hospitali: "Baba, kiti chako hakikaliwi na mtu."

Kikohozi. Halafu mzee, kwa shida: "Mwambieni asikiondoe. Nakuja kukikalia."

Magurudumu ya kitanda yakaanza kulia, simu ikakatika. Bibi harusi alijifunika uso kwa mikono yake miwili. Mume wangu alikuwa ameinama mbele ya kompyuta yake, anabandua stika kwa kucha. Ulimi wangu huu mnaujua, lakini sikumsimanga. Nilikuwa nalia.