Kitufe cha Kusasisha Zote

Mimi sina subira, na sijawahi kujidai ninayo. Griffin ndiye aliyekuwa na subira ya kututosha sote wawili. Ofisini kwetu Amalemba yeye ndiye aliyetunza seva, ile mashine inayochukua programu tunayoandika kila siku, kuijenga, kuipima, kisha kuituma kwenye simu za wakulima wa miwa, ili wajue malori ya kubeba miwa yanakuja lini. Seva inategemea plagini, vijiprogramu vya kuisaidia, na kila plagini ina namba ya toleo lake. Griffin alizifunga namba hizo zote. Toleo jipya halikuingia kabla hajalijaribu kwenye seva ya pembeni, siku mbili, wakati mwingine wiki nzima.

Nilikuwa nikimtania. "Wewe unachunganga matoleo kama kuku mwenye vifaranga."

"Haraka haraka haina baraka, Genti," alinijibu. Jina langu ni Gentrix, lakini yeye aliniita hivyo. Wazee wake walikuwa waje kwetu Desemba kuniposa.

Jumatatu moja alienda kung'olewa jino. Nikafungua ukurasa wa seva, nikakuta maonyo mekundu: plagini kumi na nne zimepitwa na wakati. Yalinikera. Nikabonyeza kitufe cha kusasisha zote, seva ikajizima, ikajiwasha, ikawa kijani kote, yaani hakuna kasoro. Nilijiona fundi kweli. Sikujua kwamba plagini mpya ya kupima haikupatana na ile ya kujenga, kwa hiyo seva iliacha kupima kabisa, na bado ikaonyesha kijani. Kazi ya mchana huo ilikuwa na kosa la tarehe, dogo tu, ambalo kipimo kingelinasa. Likapita.

Kesho yake wakulima wa Mayoni walipata ujumbe kwamba malori yanakuja Jumatano. Miwa ikakatwa. Malori hayakufika mpaka wiki iliyofuata, na muwa uliokatwa haungoji mtu. Miwa ilikauka juani, shamba baada ya shamba.

Erastus, bosi wetu, alituita. "Nani aligusa plagini?"

Griffin alinitazama, kisha akasema, "Ni mimi, Boss. Seva iko chini yangu."

Nilidhani anaubeba mzigo kwa sababu ya cheo chake tu, hajui kitu. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho ikazaa kesho. Ijumaa akaachishwa kazi, akarudi kwao Mayoni, kwa watu wale wale waliokaukiwa na miwa. Nilimpigia kila jioni nikimuuliza amekula nini. Lile moja sikulisema, wiki sita. Naona haya hata kuliandika.

Jumamosi moja nikashindwa kuvumilia, nikaenda. Mama yake, Teresa, alikuwa nje akichambua mboga.

"Mulembe, Mama."

"Mulembe." Hakuniita mwanangu kama zamani. "Majirani wanasemanga kijana wangu alikausha miwa yao na kompyuta. Hata kanisani anakaa nyuma, peke yake."

Griffin alikuwa shambani akipalilia. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, machozi yananitoka, mpaka nikafika mwisho. "Ni mimi nilibonyeza."

"Najua," alisema. "Seva inaandikanga jina la kila mtu mwenye anabonyeza. Niliona lako asubuhi ile, kabla Boss hajatuita."

"Basi kwa nini ulisema ni wewe?"

"Nilifikiria utakataa. Nilisema nikiangalia mdomo wako, Genti, nikingoja useme hapana, si Griffin. Halafu kila jioni ukipiga, nilikuwa naambia roho yangu, leo atasema. Unaniuliza kama nimekula."

Nikamwambia Jumatatu nitaenda kwa Erastus nikiri, kazi yake atarudishiwa.

"Enda," alisema. "Majirani pia waambie, mama yangu apumzike. Lakini wazee niliwaambia wasije kwenu tena."

"Uliwaambia lini?"

"Jumapili iliyopita, tukitoka kanisa."

Nilikuwa nimechelewa siku sita. Nililia pale kama mtu aliyefiwa, na Griffin, ambaye zamani hakuweza kuniona nikilia, aliinama akaendelea kupalilia.