Kadi ya Apolot

Nilimnyima mwanamke mmoja kurasa tatu, na mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Ilikuwa mwaka wa sabini na sita, Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Maktaba yetu ilikuwa chumba kimoja kilichofunguliwa na kamati ya wenyeji, hatua chache kutoka foleni ya malori. Kulikuwa na rafu ya watoto, mkeka, na mimi, Roselida, niliyetolewa kijijini kwetu Namboboto kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuwa na mume wa kuniuliza naenda wapi. Jumamosi ilikuwa siku ya familia. Familia zilikuja mwezi wa kwanza kutazama, kisha zikarudi kwenye shughuli zao. Nilifagia, nikapanga vitabu vilivyokuwa vimepangika tayari, nikazungumza na ukuta.

Aliyebaki ni Anyait, Mteso aliyewauzia madereva chai kwenye foleni. Kila Jumamosi alikuja peke yake, akanawa mikono kwenye karai la nje bila kuambiwa, akaazima kitabu kimoja cha watoto kwa kadi ya binti yake Apolot, mwenye miaka minane. Hatukuwa marafiki. Lakini kila Ijumaa nilipiga gauni langu pasi, na sikulipiga kwa ajili ya rafu.

Kamati ilikuwa na sheria mbili: kadi ya mtoto ni ya mtoto wa upande huu wa mpaka, na mwaka ukiisha mtoto aje mwenyewe kuweka sahihi. Mwaka uliisha, Apolot hakuja. Mara ana homa, mara ameenda kwa nyanya yake. Wakati huohuo nikaanza kuona mikwaruzo kwenye kurasa, alama za kalamu iliyokandamizwa juu ya karatasi nyingine. Nikajua basi, kuna mtu amefanya vitabu vyangu meza. Mimi nina hasira za karibu, mama yangu alilisema hilo tangu nikiwa mdogo.

Jumamosi moja alikuja na kitabu cha kuku aliyemeza pete ya bibi harusi. Tarehe ya kukirudisha ilikuwa imefika, akaomba akae nacho siku mbili zaidi. Nikamwuliza mtoto yuko wapi.

"Mtoto iko, dada. Iko mbali kidogo," alisema. "Nimebakisha kurasa tatu tu."

Nikamwambia asiyeweza kumleta mtoto hana mtoto. Maneno yalinitoka hivyohivyo. Nikachukua kitabu, nikachukua na kadi, nikavifungia kwenye droo. Anyait alijifunga leso vizuri, akatoka.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya baada yake. Siku hizo mpaka ulikuwa unafungwa na kufunguliwa, malori yakapungua, wauza chai wakatawanyika. Nilikaa mlangoni na gauni langu la pasi nikijiambia kwamba sheria ni sheria. Nilijua wazi ninayemngoja, na nilijua ni mimi niliyemfukuza.

Wiki ya tatu, Jumanne asubuhi, akaingia dereva mmoja, Okedi, ameshika karatasi ya daftari iliyokunjwa. Alikuwa amemtafuta Mama Apolot kwenye foleni asimwone, akakumbuka kwamba hakosi hapa kwangu. Barua ilitoka kwa mtoto. Nikamwuliza mtoto gani tena.

"Si ni huyo Apolot. Yuko Tororo, ng'ambo, kwa baba yake," akasema.

Ndipo nikasikia yote. Wazazi waliachana, baba akabaki na mtoto, na Anyait akakatazwa kukanyaga kwao. Kwa hiyo alikuwa akinakili vitabu vyangu kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa, na Okedi akimpelekea mtoto karatasi. Kitabu chenyewe hakuthubutu kukivusha kwa sababu ni cha maktaba. Sasa Okedi alikuwa anaaga. Tajiri wake alikuwa amemhamishia njia ya Kisumu, na madereva wengine aliowajua hawakutaka tena kwenda upande ule.

Alipoondoka nikaifungua karatasi, ingawa haikuwa yangu. Mwandiko ulikuwa mkubwa, wa mtoto: "Mama, umeishia pale wananoa kisu. Kuku alichinjwa?"

Nikafunga maktaba saa nne asubuhi, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata siku moja. Niliuliza huku na huku mpaka nikaambiwa Anyait anauza uji karibu na hospitali ya Kocholia. Nikapanda gari na kitabu kwapani.

Nilimkuta amechutama kwenye mafiga. Nilimpa karatasi hata kabla ya salamu. Aliisoma polepole, akacheka, akaisoma tena, na mara hii hakucheka. Nikamwomba msamaha kwa kila kitu, hata kwa lile neno la kwamba hana mtoto. Akaitikia kwa kichwa tu, akanyoosha mkono apewe kitabu.

Nikashika mwiko, nikakoroga uji wake huku yeye amepiga magoti mbele ya kigoda, ananakili. Watu wakaja, nikawauzia. Mama mmoja akadhani sisi ni ndugu, na sikumsahihisha. Nusu saa ile nilikuwa na mwenzangu, mara ya kwanza tangu nitoke kwetu. Kulikuwa na habari ambayo sikuwa nimemwambia, nami nikaendelea kukoroga.

Alipomaliza akapuliza wino ukauke, akakunja karatasi mara nne. "Kuku hachinjwi," aliniambia, amefurahi kabisa. "Sasa atalala. Okedi anapita lini?"

Nikamwambia Okedi hapiti tena, amehamishiwa njia ya Kisumu. Akauliza Okedi alivuka mara ya mwisho lini. Nikasema alivuka Ijumaa, akarudi leo.

"Ungeniachia zile siku mbili," alisema, "mtoto angekuwa amesoma."

Hakusema kwa hasira. Alichukua mwiko mkononi mwangu, taratibu, akaniambia niwahi gari la kurudi Malaba.