Pikipiki ya Bwana Harusi

Syntiche alibonyeza tena kitufe cha kuwashia pikipiki. Tik. Akajaribu kwa kidole gumba cha mkono mwingine, kana kwamba kosa lilikuwa la kidole. Tik. Taa ndogo ya kijani mbele yake ikafifia, ikazimika.

Nyuma yake baba yake alikuwa amekwisha kupanda. Papa Kasonde, mstaafu wa reli aliyefiwa na mke miaka mingi iliyopita, alikaa wima ndani ya suti ya rangi ya maziwa, kofia mapajani, ua la kitambaa kifuani. Leo alikuwa anamwoa Mama Lydie, muuza samaki.

"Iko namna gani?" akauliza.

"Batri, papa. Imekufa."

Jana jioni mtaa mzima wa Katuba haukuwa na umeme, na wanawake walikuwa na kuku wa kunyonyoa. Syntiche mwenyewe ndiye aliyeunganisha taa kwenye batri ya pikipiki yake, wakanyonyoa huku wakiimba mpaka kuku wa mwisho. Hakuna aliyeifikiria asubuhi.

Kaka yake mkubwa, Guelord, akashusha kioo cha gari. Gari lilikuwa limefungwa utepe mweupe toka taa hadi taa. Baada ya misa lilikuwa liwapeleke maharusi Karavia, wakapigwe picha kando ya maji.

"Papa, kuya huku! Motokari iko. Mama Lydie asitungoje ku kanisa."

Mzee hakugeuka hata shingo, akapigapiga kiti cha pikipiki. "Nilisema ntaenda na moto ya mutoto wangu."

Syntiche akainama, akajifanya anakagua gurudumu. Siku aliponunua pikipiki ili abebe abiria, baba yake aliburuta kiti uani akakigeuza, asiione. Kazi ya wanaume, alisema, na hata wao inawavunja miguu. Tangu hapo alikuwa akipita kwa miguu mbele ya kituo cha pikipiki, jua kali, kikapu mkononi, na binti yake akiwapakia watu wengine. Halafu Jumapili iliyopita, akikata kucha, macho yakiwa kwenye kucha, akasema: "Siku ya ndoa, ni weye utanipeleka." Akaendelea kukata.

Na sasa, tik.

"Tusukume!" akasema jirani mmoja, na wanawake wa sare ya kitenge wakaweka mabegi yao chini. Walisukuma wakicheka, viatu vikichota vumbi, mzee akiwa bado juu kama askofu kwenye kiti chake. Syntiche akaingiza gia, akaachia klachi. Pikipiki ikaruka, ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

"Papa, shuka kidogo, uko muzito!"

"Nikishuka mutanitia mu motokari. Minawajua."

Wanawake wakashika mbavu. Syntiche pekee hakucheka. Kama leo papa ataenda kwa gari, aliwaza, hataomba tena. Si mtu wa kuomba mara mbili.

"Yaya," Syntiche akamwita kaka yake. "Uko na waya za batri?"

Guelord akatazama saa, akatazama suruali yake mpya. "Ziko chini ya makreti."

"Basi tutoe makreti."

Alinung'unika, lakini alishuka. Akavua koti, akatua makreti ya soda moja baada ya jingine kando ya barabara, akarudi na nyaya zimemzunguka shingoni. Alisogeza gari mpaka pua yake ikakaribia pikipiki, akazima moteri, akapiga goti vumbini pembeni ya dada yake.

"Papa, inua muguu," Syntiche akasema. Mzee akauinua, nao wakafungua kifuniko cha ubavuni. Waya mwekundu Syntiche aliuanzia kwenye pikipiki, Guelord akaumalizia kwenye gari. Mweusi ukaanzia kwenye gari. Ncha yake ya mwisho Syntiche akaibana kwenye chuma tupu cha moteri, mbali na batri. Cheche ikaruka. Wanawake wakapiga ukelele.

"Sasa?" mzee akauliza, mguu ungali hewani.

"Bado. Iache ikunywe kwanza."

Wakangoja. Papa Kasonde akashusha mguu polepole. Alipoongea, aliongea na kofia yake.

"Mama Lydie aliniuliza. Tulikuwa ku soko, anapanga samaki yake ya Kasenga. Akasema: Kasonde, unaogopa moto, ao unaogopa mutoto wako?"

"Ukajibu nini?"

"Nikanunua samaki."

Guelord ndiye aliyeanza kucheka, akiwa magotini, na Syntiche akacheka mpaka kidole kikateleza kwenye kitufe. Akakifuta kwenye gauni. Akabonyeza.

Pikipiki ikanguruma.

Mtaa mzima ukapiga vigelegele. Waliondoa nyaya, mweusi kwanza, na Guelord akapaza sauti juu ya kelele: "Usiizime hata kidogo!"

Walitoka wakiongoza, gari na honi zake nyuma. Mwanzoni mzee alishika chuma cha nyuma ya kiti. Kwenye kona ya kwanza akashika bega la binti yake. Barabara iliponyooka tena, hakuliachia.

Mlangoni pa kanisa alishuka, akavaa kofia, akaivua tena. "Ingia."

"Siweze, papa. Nikiizima sasa, itakufa tena. Batri haijashiba."

Mzee akaionyesha barabara kwa kofia. "Basi zunguka. Na kutoka ni weye tena."

Syntiche akazunguka. Milango ya kanisa ilikuwa wazi kwa sababu ya joto, na kila alipopita mbele yake alipewa kipande cha harusi. Mara ya kwanza, mgongo wa suti ya rangi ya maziwa. Kisha Mama Lydie akiinua shela kama anayefunua chungu. Kisha mikono miwili na padri katikati, na pete iliyokataa kupita kwenye kifundo cha kidole. Akapunguza mwendo. Hakusikia maneno, moteri ilikuwa ikiongea. Lakini aliwaona watu wote ndani wakisimama kwa pamoja, mikono juu, akapiga honi palepale peke yake barabarani, machozi yakimtoka, na muuza maandazi akampigia makofi.

Alipozunguka tena, maharusi walikuwa nje. Gari la utepe lilikuwa limefunguliwa mlango, Guelord ameshika kitasa. Mama Lydie alilipita. Alikuwa amevua viatu, anavibeba mkono mmoja, na kwa mkono mwingine amekusanya gauni hadi magotini. Akaitazama pikipiki toka gurudumu hadi gurudumu.

"Batu batatu tunaenea hapa?"

Papa Kasonde alikuwa amekwisha kuinua mguu. Syntiche alisogea mbele, akasogea tena, mpaka tumbo lake likagusa joto la tangi.