Alama Mbili za Bluu

Kwa miaka arobaini Abdulkarimu alikuwa fundi wa mashine za boti pale Ujiji. Mashine ikikohoa mbali ziwani, alikuwa anakwambia kabla haijafika ufukweni kama ni plagi au mafuta yameingia maji. Wavuvi wa Bangwe walikuwa wakiwaacha mafundi wa kwao na kumfuata yeye. Ndiyo maana binti yake Hasna, alipokuja likizo kutoka Dodoma na kumbadilishia vitu vya nyumbani, hakudhani hata kidogo kwamba baba yake angeshindwa na vitu visivyokuwa na hata nati moja ya kufungua.

Alimletea runinga mpya na king'amuzi, na rimoti mbili zinazofanana kama mapacha. Alimletea jiko la umeme lisilo na moto, ambalo likiguswa vibaya hupiga kelele na kujizima, wali ukabaki mchele. Mwisho akakichukua kitochi cha baba yake, kile kisimu cha vitufe, akampa simu ya kupangusa.

"Hii nzuri, baba. Tutaonana mpaka sura."

Akamwandikia maelekezo kwenye karatasi, akaibandika ukutani, akarudi kazini.

Kitochi kile mzee alikuwa akikijua kwa vidole. Alikuwa anashikilia kitufe cha namba mbili, na Hadija anapokea. Hadija alikuwa mdogo wake wa mwisho, mjane aliyeishi kijiji cha Simbo, na kila siku baada ya swala ya alasiri walikuwa wakizungumza: nani anaumwa, migebuka imeonekana ziwani au haijaonekana, goti la mzee limeamkaje. Lakini simu mpya haikuvitambua vidole vyake, vilivyokomazwa na grisi na chuma. Akipangusa, kimya. Akikazia, inafunguka picha ambayo hakuiomba. Siku za kwanza alimwendea jirani yake, Eufrasia, ampigie. Siku ya nne alimwona Eufrasia akishusha pumzi kabla ya kuipokea simu mkononi mwake. Akaona haya, hakwenda tena.

Kisha simu ikajibadilisha yenyewe. Aliamka akakuta picha zote zimehama, na ile karatasi ya ukutani ikawa haina maana. Wiki tatu zikapita bila kuisikia sauti ya Hadija; hata simu ilipoita, ilikatika kabla hajaweza kuipokea. Akajiambia goti likipoa atakwenda mwenyewe.

Jumatano asubuhi simu iliita. Alilibonyeza duara la kijani, ikaendelea kuita. Akalibonyeza tena kwa nguvu zote, ikakatika. Ikaita mara ya pili, ikawa vilevile. Akaipapasa huku na huku, yakatokea maandishi madogomadogo, marefu, mengi. Alidhani ni yale matangazo yanayoingia kila siku. Kabla hajaipata miwani, kioo kikazima. Akaiweka simu juu ya kabati, akaenda kuhangaika na chai.

Kesho yake alipita Skolastika, mama wa Simbo anayeuza mawese mitaani. Alitua dumu lake mlangoni.

"Shikamoo mzee. Pole na msiba. Jana tulikutazamia sana."

"Marahaba. Msiba wa nani?"

Skolastika alimtazama, asiamini. "Wa bibi Hadija, mzee. Si tulimzika jana jioni?"

Abdulkarimu aliingia ndani. Akavaa kanzu, akapanda bodaboda hadi Simbo.

Msibani watu walimpisha kwenye mkeka, lakini hakuna aliyemkumbatia. Faridi, mtoto wa marehemu, alimpa mkono, akauondoa upesi.

"Mjomba, tulikungoja tangu adhuhuri mpaka alasiri. Wewe ndiye uliyekuwa wa kumshusha mama kaburini."

"Sikujua, mwanangu. Wallahi sikujua."

"Nilikupigia mara mbili. Nikaandika kwenye grupu la familia." Faridi akafungua simu yake, akamsogezea. "Hili hapa tangazo. Jina lako hili, na alama mbili za bluu. Ulisoma saa mbili asubuhi."

Mzee alivitazama vile vialama. Alitaka kueleza habari ya miwani, ya vidole, ya duara la kijani, na kila alipopanga neno akasikia jinsi litakavyofanana na uongo.

"Ilifunguka yenyewe," alisema.

"Sawa, mjomba. Yamekwisha."

Lakini hayakuwa yamekwisha. Alimsikia mwanamke mmoja nyuma yake akiguna. Faridi akaomba aione simu ya mjomba wake. Akaipekua kidogo. Kulikuwa na jumbe nne za sauti za mama yake ambazo hazikuwahi kufunguliwa. Akaigusa moja, na Hadija akasema pale mkekani, kwa sauti ya mgonjwa: "Kaka, mbona hunipigii? Nimekukosea nini?"

Abdulkarimu alijifunika uso kwa kanzu. Faridi hakuzifungua zile tatu.

Alirudi Ujiji jioni ile. Simu ikaita, na safari hii, hata hakujua alichofanya, uso wa Hasna ukatokea kwenye kioo, macho yamevimba.

"Baba, Faridi ameniambia. Pole baba yangu. Kosa langu, simu hiyo toleo la zamani. Mwisho wa mwezi nakutumia mpya, hiyo unaiamrisha kwa kuongea tu."

"Nirudishie kitochi changu."

"Nilimpa mtu, baba. Na vitochi siku hizi havina kazi."

Alitaka kumwambia jambo lingine, lakini uso wa Hasna uliganda, mdomo wazi. Akagusa kioo. Akagusa tena. Akakaa akiutazama, simu mkononi, asijue kama mwanawe bado anamsikia.