Safari za Rachidi Kitini

Kitendawili kwako wewe unayesikiliza: anakwenda mtaa wa Kinama, anarudi, anakwenda tena, na kandambili zake hazijui vumbi. Nani huyo? Umeshindwa? Basi nipe mji. Haya, ukinipa Bujumbura yote naipokea, maana jibu ni Rachidi, mchoma broshete, ile mishikaki ya mbuzi, wa mtaa wa Buyenzi, na anayezijua vizuri safari zake ni mkewe, Houda.

Daktari alikuwa amesema wazi, mbele ya Houda mwenyewe: sukari imeanza kula miguu. Atembee asubuhi na jioni, la sivyo iko siku kisu kitatembea badala yake. Binti yao Mwanne, aliyeolewa Ubelgiji, aliposikia hivyo akamtumia baba yake saa nyeusi ya mkononi inayohesabu hatua. Kila Ijumaa apige picha kile kioo, amwonyeshe.

Tangu siku hiyo Rachidi akawa bingwa. Anakaa kwenye kiti chake cha plastiki nyuma ya mbabula, jiko lake la makaa, kitambi kimelala mapajani kama mtoto wa kupakatwa, mkono wa kulia unapepea makaa kwa kipande cha katoni: pepe, pepe, pepe. Na saa ameivaa mkono huohuo. Masikini ile saa, walioitengeneza hawajawahi kuona mtu anachoma nyama. Mkono ukienda, yenyewe inaandika hatua, kama za mtu anayekwenda Kinama.

"Mama Mwanne, tazama! Leo nimepita hata vijana."

Houda alikuwa anakata vitunguu. Hakuinua macho.

"Umepita wapi? Kutoka kwa kiti mupaka kwa kiti?"

"Mashine haisemi uongo."

"Mashine haina macho. Mi niko nayo mawili. Baba Mwanne, ule muguu wa kushoto unausikia?"

Rachidi akageuza nyama. "Chumvi iko wapi?"

Ndivyo alivyokuwa. Umuulize mguu, yeye anakuuliza chumvi. Urudie, anaulizia pilipili. Mwanaume mzima, ndevu zimeota mvi, anamdanganya mtoto wake kwa kupunga mkono! Na Houda alikuwa ameshaona jambo: siku moja kandambili ya kushoto ilimchomoka njiani, akafika msikitini mguu mtupu, mwenyewe hana habari.

Ijumaa moja akaja Térence, karani wa ofisini, yule anayekimbia na wenzake na filimbi kila Jumamosi asubuhi, kisha jioni anakula nyama mpaka jasho lote limrudie tumboni. Akaitazama saa, akapiga mluzi.

"Eh, mzee Rachidi, félicitations, hongera! Lakini unatembea saa ngapi? Mi nakukuta hapa kila siku."

"Alfajiri. Watu kama nyinyi bado mumelala."

Houda akacheka kwa pua. "Alfajiri? Alfajiri anakoroma mupaka mbuzi za jirani zinaitikia!"

Waliokuwa wakingoja nyama wakaangua kicheko. Rachidi akapandwa na hasira, akaanza kupepea kwa nguvu, kama vile mkono ungemtetea. Kaa likaruka kutoka kwenye mbabula, likamwangukia mguu wa kushoto, likakaa katikati ya vidole. Yeye anapepea tu, macho kwenye saa.

"Ona, Térence! Ona namba zinavyopanda!"

Harufu ilimfikia Houda kwanza, na nyama ya mbuzi hainuki vile. Akatupa kisu, akapiga magoti, akalipangusa kaa kwa pindo la kitenge. Ngozi ilikuwa imeshageuka nyeupe. Akainua uso.

"Rachidi." Hakuwa na desturi ya kumwita jina lake mbele ya watu. "Muguu unausikia?"

Katoni ikatulia. Rachidi akakitazama kidole kilichoungua kama anayetazama kidole cha mgeni.

"Siusikii," akasema. "Tangu Ramadhani."